Hadithi Yangu na Wale Walioisoma

Wasomaji wa gazeti hili, hasa ninyi mkaao pande zetu za Kibamba, mtakumbuka hadithi niliyoitunga mwaka juzi, ikapigwa chapa humu kwa sehemu saba, mwezi baada ya mwezi. Ilikuwa habari ya mzee mmoja aliyejenga nyumba kando ya barabara kuu, akakaa humo miaka mingi, hata siku moja ikaandikwa alama nyekundu ukutani kuwa itabomolewa. Naye kwa ukaidi hakutaka kusikia, akaketi kizingitini akilia mpaka mashine ikaja. Katika sehemu ya saba akafa. Sikumpa jina, wala mji sikuutaja, maana nalidhani ya kuwa kutotaja jina ni kinga ya kutosha kwa mtungaji. Leo nataka kuwaeleza yaliyonipata baada ya sehemu ile ya mwisho, na jinsi nilivyowajibu walioniandikia. Jibu langu la kwanza lilipigwa chapa humu humu na wengi waliliona. La pili halikupigwa chapa popote.

Kwa wale wasioijua Kibamba, ni mji ulio katika barabara ya Morogoro, ukitoka Dar es Salaam ukapita Kimara na Mbezi, kabla hujafika Kiluvya na Kibaha. Zamani tulihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni, sasa tu watu wa Ubungo. Mwaka 1990 hapa palikuwa mashamba ya mihogo na mikorosho, na nyumba chache. Watu wakazidi, nyumba zikaisogelea barabara. Kisha mwaka 2017, ili barabara ipanuliwe, nyumba zilizokuwa ndani ya eneo la hifadhi yake kutoka Kimara hata Kiluvya zikabomolewa, nyingi sana, pamoja na maduka na nyumba za ibada. Apitaye leo huiona barabara pana yenye njia nane, magari yakienda kwa kasi, na asipoambiwa hatajua ya kuwa palikuwa na milango na vibaraza pale yanapokimbia magurudumu.

Mimi wakati ule nalikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha misheni si zamani, nimepanga chumba mbali na barabara. Nyumba yangu haikubomolewa kwa kuwa sikuwa na nyumba. Siku moja nalikuwa katika daladala nikirudi kutoka mjini, gari likasimama kidogo kwa sababu ya vumbi na msongamano, nikachungulia dirishani. Nalimwona mzee ameketi katika kizingiti cha nyumba isiyo na mlango wala bati, amevaa kofia ya sufu ya kijani yenye kiraka cheusi, ameinama, mkono umefunika uso, na mabega yanatikisika. Gari likaondoka. Nalimwona kwa muda ambao kondakta hudai nauli kwa watu wanne. Kwa muda huo mfupi nikapata hadithi ya sehemu saba, na nikajiona kuwa mtu mwenye macho.

Barua zilinijia kumi na moja. Kwa mtungaji asiyejulikana kumi na moja ni nyingi, nami nalizisoma mpaka karatasi zikalegea. Kijana mmoja alitaka niandike sehemu ya nane ambayo mzee analipwa fedha nyingi, ananunua lori. Mtu wa kanisani aliuliza kwa nini mzee yule haonekani akisali hata mara moja katika sehemu zote saba, swali ambalo hata leo sina jibu lake zuri. Mtu wa Kiluvya aliandika kwamba yule ni baba yake, nani aliyenipa habari zake? Mwingine wa Mbezi akaandika kwamba ni mjomba wake. Wa tatu, wa mbali kabisa, upande wa Kilosa, ambako barabara hiyo haikubomoa kitu, alisema ya kwamba nimemwandika babu yake bila ruhusa. Nalicheka peke yangu, nikafurahi sana. Nikasema moyoni, tazama, mzee mmoja niliyemwona kupitia dirisha la daladala amekuwa baba wa watu watatu.

Kumbe mwenyewe alikuwa na mke, naye alikuwa akisali kanisa moja nami.

Jumapili moja baada ya ibada alinisubiri chini ya mwembe, gazeti limekunjwa mkononi. Ni mama mtu mzima, mwenye maneno machache. Nikamwamkia, “Shikamoo, mama.” Akaitika, “Marahaba, mwalimu. Nimesoma hadithi yako. Mjukuu wangu alinisomea, kisha nikasoma mwenyewe.” Nikamshukuru, nikingoja sifa. Akasema, “Umeandika vizuri kofia yake. Umeandika vizuri vumbi. Lakini mume wangu hakulia.”

Nikamjibu upesi, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto, “Mama, hii ni hadithi tu. Huyu si mume wako. Ni mtu wa kutungwa.”

Akanitazama. “Kama si mume wangu, kiraka kile cheusi umekiona wapi? Nilikishona mimi.”

Sikuwa na neno. Watu walikuwa wakipita, wengine wamesimama kusikiliza, nami nikasingizia ya kuwa naitwa ndani, nikamwacha pale.

Nilipofika nyumbani fedheha ilikwisha geuka kuwa hasira, nikaketi kuandika. Ndilo jibu lile mliloliona. Nalisema kwamba hadithi si habari ya mtu, kwamba mtungaji hana deni kwa yeyote, na kwamba ajionaye katika hadithi amejiingiza mwenyewe, hakuitwa. Nalitaja hata habari ya nabii Nathani, alivyomsimulia mfalme Daudi hadithi ya tajiri na mwana-kondoo wa maskini, na mfalme akawaka hasira kabla ya kujua ya kuwa yanatajwa mambo yake. Mhariri, ambaye ni mtu mpole, aliniuliza mara mbili kama nataka kweli maneno hayo yapigwe chapa. Nikamwambia ndiyo. Sikufikiri wakati ule kwamba Nathani alimjua vema mtu aliyekuwa akimwambia, na kosa alilokuwa akimwonyesha. Mimi nalirusha jiwe barabarani, likampata mjane.

Mwezi huohuo nalipita nyuma ya darasa la tano saa ya mapumziko nikasikia kicheko. Watoto wamefanya duara. Mmoja ameketi chini amefunika uso kwa mikono, analia kilio cha uongo, na wa pili ananguruma kama katapila. Wengine wanasema kwa pamoja maneno ya yule mzee. Yalikuwa maneno yangu, ya sehemu ya sita, nami naliyatunga usiku mmoja nikayaona matamu sana. Na penye bomba la maji amesimama mjukuu wa yule mama, mgongo umeelekea ukutani, hasemi kitu. Wakamwita, “Babu yako huyu!” Mtoto yule alikuwa msomaji bora katika darasa. Ndipo nilipoelewa kwa nini kwa majuma mawili alikuwa hainui tena mkono nikiuliza nani atasoma.

Nalitawanya ule mchezo, nikawagombeza. Lakini mwalimu awezaje kuwagombeza watoto kwa kuyakariri maneno aliyoyaandika yeye?

Tangu siku ile nalianza kutafuta wengine walifanya nini. Wa kwanza niliyemkumbuka ni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, ambaye tulisoma vitabu vyake chuoni. Kitabu chake cha Rosa Mistika kilitoka mwaka 1971. Ni habari ya binti wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali mno, asiyetaka hata azungumze na vijana, naye alipokwenda shule mbali na fimbo ya baba hakujua kujiongoza, akaharibikiwa, na mwisho akajiua. Watu walichukizwa. Kitabu kikakatazwa mashuleni, na miaka ikapita kabla ya kuruhusiwa. Basi Kezilahabi alijibu nini? Mwaka 1974 alitoa Kichwamaji, na mtu mkuu wa kitabu hicho, Kazimoto, naye anajiua. Mwaka uliofuata akatoa Dunia Uwanja wa Fujo. Hilo kwangu lilikuwa jibu la mtu asiyerudi nyuma. Aliendelea hivyo hivyo mpaka alipofariki Januari 2020, na Rosa Mistika bado anasomwa.

Nikamkumbuka na Ngugi wa Thiong'o wa Kenya, aliyefariki mwaka 2025. Mwaka 1986 alitoa kwa Kigikuyu hadithi ya mtu aitwaye Matigari, azungukaye nchini akiuliza wapi atapata ukweli na haki. Kwa masimulizi ya Ngugi mwenyewe, wasomaji walizungumza sana habari za huyo Matigari, hata wakubwa wakadhani ni mtu wa kweli mwenye kuchochea watu, ikatoka amri akamatwe. Walipogundua ya kuwa anakaa kitabuni tu, mwaka 1987 wakavikamata vitabu badala yake. Nadhani hakuna mtungaji wa Afrika Mashariki aliyepata kusifiwa zaidi ya hapo na watu wasiokusudia kumsifu.

Mambo haya mwanzoni yalinipa nguvu. Nikasema, kama Kezilahabi hakutetemeka mbele ya waliomkataza, mimi nitetemeke mbele ya mama mmoja na kiraka? Nalikaa na fikira hiyo siku kadha wa kadha, nayo ikakataa kunikaa vema. Maana waliomkataza Rosa hawakusema, “Hakuna wasichana kama huyu.” Walijua wapo. Waliogopa vijana wasimwone. Walitaka pazia. Yule mama hakutaka pazia kwangu. Hakuniambia nisimwonyeshe mumewe. Aliniambia ya kuwa nimemwonyesha vibaya, ya kuwa nalitazama na sikuona. Nami nalimjibu kana kwamba ni mkatazaji wa vitabu, huku nikijivika joho la Kezilahabi ambalo si kipimo changu.

Zaidi lilinisumbua jambo moja la Mwingereza Charles Dickens. Yeye naye alikuwa akitoa hadithi zake kwa sehemu, mwezi kwa mwezi, kama tufanyavyo humu. Wakati mmoja wasomaji walimwandikia wakimsihi asimwue binti mdogo aitwaye Nell katika hadithi yake mojawapo. Hakuwasikia, Nell akafa. Lakini mwaka 1849, alipokuwa akiitoa David Copperfield, aliingiza ndani yake mwanamke mfupi mno wa kimo, akamfanya wa kuchekwa na wa kushukiwa. Jirani yake mmoja, mama mwenye kimo kama hicho, akajitambua, akamwandikia kwa uchungu mkuu. Dickens hakumwambia ya kuwa hadithi ni hadithi. Alikiri kwamba mengine kweli ameyatwaa kwake, akaomba radhi, na katika sehemu zilizofuata akamgeuza yule mwanamke wa hadithi kuwa mtu mwema na jasiri. Basi mtu yule yule aliwanyima maelfu walichokitaka, akampa mama mmoja alichokitaka. Nell alikuwa wa Dickens mwenyewe. Yule jirani hakuwa wake.

Nikanunua kilo mbili za sukari, nikaenda kwa yule mama.

Anakaa ndani sana, mwendo wa zaidi ya nusu saa kutoka barabarani, katika vyumba viwili vya matofali ya saruji. Alinikaribisha bila kuonyesha kama amefurahi au amechukizwa, akanipa kigoda. Nalimwambia, “Mama, nimekuja kuomba radhi, na kama utapenda, uniambie ilivyokuwa.” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Ungekuja kabla hujaandika ningekuambia vilevile.”

Akanieleza. Kiwanja walikinunua kwa mwenyeji, wakaandikiana mbele ya balozi wa nyumba kumi na mashahidi wawili, na karatasi bado anayo. Alama ilipoandikwa ukutani, mumewe hakubishana na mtu. Aliitazama asubuhi moja, akaenda kuazima ngazi. Kwa majuma matatu aliivunja nyumba kwa mikono yake mwenyewe, bati moja moja asizitoboe, kenchi zote akiziandika namba kwa mkaa apate kuzipanga tena. Misumari aliing'oa, akainyosha juu ya jiwe, akaijaza katika mkebe wa rangi. Mlango wa mninga, aliouchongesha kwa fedha za mavuno ya miaka miwili, alimpa jirani ambaye hakubakiwa na kitu, maana alisema ya kuwa mlango mmoja haumtoshi mtu asiye na ukuta. Siku ile nilipopita na daladala ndipo mlango ulipokuwa umeondolewa asubuhi, naye ameketi akingoja mkokoteni wa kuchukua mbao.

“Na mabega?” nalimwuliza. “Nalimwona yakitikisika.”

“Alikuwa akikohoa, mwalimu. Vumbi la saruji. Alikuwa na kifua siku zote. Mwaka uliofuata kilimwua.” Akaongeza, “Hakufa kwa sababu ya nyumba. Watu wote husema alikufa kwa nyumba, na wewe umeandika hivyo, na sasa imekuwa ndiyo habari yake.”

Ndugu wasomaji, nimefundisha miaka mingi kuwa mtu aangalie kabla ya kuandika. Huwaambia watoto waende wakautazame mti kabla ya kuandika insha juu ya mti. Hapo kigodani nalijiona kama mtoto aliyeandika insha ya mti kwa kuona kivuli chake.

Nalimwuliza anataka nifanye nini. Nalimwambia mtu aliyekwisha kufa katika sehemu ya saba hafufuki. (Huyo Sherlock Holmes, mpelelezi, aliuawa na mtungaji wake mwaka 1893, na wasomaji wa Uingereza wakapiga kelele miaka kumi hata mtungaji akamrudisha mzima mwaka 1903. Lakini mzee wangu si mpelelezi, wala wasomaji wangu si wengi hivyo.) Mama akacheka kwa mara ya kwanza. Akasema hataki afufuke, anamjua alipolala. Anataka machozi yaondolewe. Na jambo la pili: katika sehemu ya tatu mzee anagombana na mwanawe, na mwana anaondoka nyumbani kwa hasira, basi hilo nalo liondolewe, kwa sababu mumewe hakugombana na wanawe kamwe.

La kwanza nalimkubalia pale pale. La pili nalikataa, na kwa kweli kulikataa kulinitia woga zaidi kuliko kuomba radhi. Nalimwambia ya kuwa ugomvi ule sikuutwaa kwa mumewe. Niliutwaa kwa baba yangu na kwangu mimi, naye baba amekwisha kufa bila sisi kulimaliza lile neno, na nikiuondoa hadithi haina moyo tena. Nikamwambia nitaondoa kofia na kiraka, ili mtu asidhani ya kuwa ni nyumba yake ile iliyogombana. Akafikiri. Akasema, “Basi ugomvi ni wako. Kofia iache. Nataka iwepo.” Hata leo sijui vema kwa nini aliitaka iwepo.

Siku ya pili naliingia darasa la tano, nikaweka vitabu kando. Nikawaambia ya kwamba mwalimu wao aliandika jambo asilolijua, na ya kwamba mzee aliyevaa kofia ya kijani hakulia. Nikawasimulia habari za misumari na namba za mkaa. Sikumtaja mtu. Wakanyamaza, kisha mtoto mmoja, aliyekuwa akinguruma kama katapila siku ile, akauliza, “Misumari mingapi, mwalimu?” Nalipokuwa nikisema sijui, mjukuu wa yule mama akasema kutoka nyuma, bila kuinua mkono, “Mkebe umejaa. Tunao nyumbani.” Wakamgeukia wote. Kwa Kiswahili cha darasani ilimpasa kusimama kwanza na kuomba ruhusa, nami sikumwambia.

Sasa wapiga chapa wetu wameomba sehemu zile saba zikusanywe ziwe kitabu kidogo, nami nimepata nafasi ya kusahihisha. Sehemu ya sita nimeiandika yote upya, haina kilio ndani yake, ina jiwe na nyundo. Mzee anakufa bado, lakini kwa kifua, na mwaka mmoja baadaye. Yule kijana wa lori atavunjika moyo tena. Kila sehemu nikiimaliza humpelekea mama, naye mjukuu humsomea kwa sauti kibarazani, kisha huzirudisha karatasi Jumapili chini ya mwembe. Juma lililopita alizirudisha zile za sehemu ya nne akaniambia kuna kosa moja tu. Nimeandika kwamba mzee aliusukuma mlango wa mninga akaingia ndani. Ulikuwa ukifunguka kwa nje.